Tenki Likijaa, Aanze Nani

Mwanyenze, Itilima
8 Julai 2023

Mpendwa Sengi,

Mwadila. Miguu inasemaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za kanisani zinakuonea. Huku kwetu tuko wazima. Baba angekusalimu kama angejua naandika, kwa hiyo zipokee tu salamu zake. Mama amemaliza kuchuma pamba ya shamba la juu, vidole vimemchanika na anavipaka mafuta ya ng'ombe kila jioni. Yule ng'ombe wako mweupe mwenye pembe iliyopinda amezaa ndama jike. Sasa ng'ombe wako katika zizi letu wamefika kumi na wanne. Mimi ndiye ninayewakamua, kwa hiyo wananifahamu kuliko wanavyokufahamu wewe mwenye mali.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya hapa nyumbani ni ya baba, na yeyote anayeongea nayo anasikilizwa na nyumba nzima. Mwalimu Precious anayetufundisha uraia huja Bariadi kila mwisho wa mwezi. Amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Unakijua kisima cha sola kilichochimbwa mwaka juzi. Mchana kutwa jua linasukuma maji juu, jioni koki zinafungwa, asubuhi tenki limejaa. Kamati ya maji imeweka utaratibu kwamba saa kumi na mbili asubuhi waanze ng'ombe, kwa sababu malisho yako mbali na lazima waondoke kabla jua halijawa kali. Watu wanafuata. Kiangazi hiki lambo limekauka, ng'ombe wa kijiji kizima wanakuja pale. Wakimaliza, tenki ni tupu, na sisi tunakalia ndoo kusubiri jua lisukume mengine. Shule inaanza saa moja na nusu. Mimi nafika saa nne, siku nyingine sifiki kabisa. Rafiki yangu Kwandu amekosa siku kumi na tisa tangu mwezi wa tano. Mwalimu mkuu amesema akiendelea hivyo, mwakani atarudia kidato cha tatu. Sengi, Kwandu ndiye anayenifundisha hesabu. Akirudia yeye, mimi nimekwisha.

Kwenye klabu yetu ya uraia tuko kumi na sita. Mwalimu Precious anasema utaratibu wa maji ni sheria kama sheria nyingine, umewekwa na watu na watu wanaweza kuubadilisha. Tukamwuliza tunaubadilishaje. Akasema tutafute wenyewe, ndiyo kazi yenyewe. Nikasema mimi nina shangazi, wewe Sengi, aliyeandika mihtasari ya vikao vya halmashauri miaka ishirini na nane. Wote wakaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hapa shuleni.

Tuanzie wapi?

Milembe wako


Bariadi
30 Julai 2023

Ng'wanone Milembe,

Miguu haijambo, mwanangu, ngazi ndizo zimezeeka. Nimefurahi kuhusu ndama. Mwambie mama yako nitamtumia mafuta mazuri ya mikono. Haya ya ng'ombe yanafanya mtu anukie zizi hadi kwenye Komunyo, na najua atacheka ukimsomea hapo. Mpangaji wangu wa chumba cha uani amehama na kuniachia paka. Sikuulizwa.

Sasa kazi. Kwanza nikuambie kitu: nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kuisoma. Miaka ishirini na nane nimeandika "wajumbe walijadili kwa kina" kuhusu maisha ya watoto ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa chumbani. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Jambo la maji ya kijiji linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, ule unaokaa kila baada ya miezi mitatu. Ili lifike pale, linaandikiwa barua inayopelekwa kwa Mtendaji wa Kijiji, nalo linaingizwa kwenye ajenda. Barua iwe fupi na iseme kitu kimoja. Itieni sahihi wote, majina matatu matatu, asijitokeze mtu kuuliza "huyu ni nani". Mkimaliza mniletee niione kabla haijaenda popote.

Swali moja: mwenyekiti wa kamati ya maji siku hizi ni nani? Yule niliyemjua mimi alishafariki. Ni vizuri kumjua mtu kabla ya kumwandikia.

Shangazi yako,
Klementina


Mwanyenze
27 Agosti 2023

Mpendwa Sengi,

Mafuta yamefika. Mama anayapaka kidogo kidogo ili yafike mwaka mpya, na sehemu uliyosema kuhusu Komunyo ilimchekesha mpaka akakaa chini. Joto limezidi. Ndama amenenepa. Paka anaitwaje?

Barua yetu hii hapa. Tumeiandika mara nne. Malimi, ambaye kwao ndio wenye ng'ombe wengi kuliko wote hapa, alibishana na sisi siku nzima halafu akatia sahihi wa kwanza:

"Kwa mkutano mkuu wa kijiji. Sisi ni wanafunzi kumi na sita wa kijiji hiki. Asubuhi tenki likiwa limejaa, ng'ombe wanakunywa kabla yetu. Wakimaliza, maji yamekwisha na shule imeanza. Hatusemi ng'ombe wasinywe. Sisi ni watoto wa wafugaji na tunakunywa maziwa yao. Tunasema tenki likijaa, aanze mtu. Watu wachote kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja, ng'ombe wafuate, na jua lisukume maji yao wakati sisi tuko darasani. Tunaomba tuje kusema wenyewe."

Ile sentensi ya "tenki likijaa, aanze mtu" ni yangu. Samahani kwa kujisifu.

Swali lako la mwenyekiti nitalijibu siku nyingine, karatasi imekwisha.

Milembe


Bariadi
2 Septemba 2023

Ng'wanone,

Kwa haraka, maana Mwalimu Precious yuko hapa mlangoni na gari lake halisubiri. Paka hana jina, na simpi, asije akadhani amekaribishwa.

Barua ni nzuri sana. Nimeiweka sawa kidogo na kuichapa. Nitaipitisha wilayani Lagangabilili, nina mtu pale niliyefanya naye kazi. Jambo likitoka juu halikai mezani kwa Mtendaji kukusanya vumbi. Nyie someni. Mengine niachieni mimi.

Shangazi yako mwenye furaha,
Klementina


Mwanyenze
29 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima.

Mkutano ulikaa Jumanne. Mtendaji alisoma barua. Alianza kwa kusema imetoka wilayani, watu wakakaa vizuri. Kichwa cha barua kilikuwa "Maombi ya kuboresha ratiba ya utoaji wa huduma ya maji kwa makundi mbalimbali ya watumiaji". Ilikuwa na "mamlaka husika" mara tatu. Iliomba "kuangalia uwezekano". Tulikuwa tumesimama dirishani, wote kumi na sita, tukisubiri asome sentensi zetu. Alifika mwisho, hazikuwamo. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja katika barua nzima.

Mzee Mayige akauliza, "Hao wanafunzi wanataka nini hasa?" Mtendaji akaitazama karatasi tena na hakujua. Malimi akanyoosha mkono kupitia dirishani. Akaambiwa barua imeshasainiwa na mtu mzima. Kisha Mtendaji akasoma chini: "Kny: wanafunzi, Klementina Ngassa." Watu wakageuka kumtazama baba.

Wakaamua kwamba jambo limepokelewa na litafanyiwa kazi. Wewe unajua maana yake, umeiandika miaka ishirini na nane.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni baba. Alichaguliwa mwezi wa tatu. Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Dada yangu siku hizi anaongea na mimi kupitia wilaya?" Mimi hajaniambia kitu. Akitaka nimletee maji ya kunawa anamwambia mama aniambie.

Wenzangu wananiuliza kwa nini nilikupa barua yetu.

Milembe Mayunga


Bariadi
1 Oktoba 2023

Milembe,

Nimepata barua yako. Nimemwomba Mwalimu Precious asubiri nikujibu, akasubiri saa nzima na chai ikapoa, nami sikuweza kuandika zaidi ya haya. Nisamehe kwa kuwa nakujibu kifupi.

Klementina


Bariadi
29 Oktoba 2023

Ng'wanone Milembe,

Mwezi huu Mwalimu Precious amekuja na mikono mitupu. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikiwa nadhani labda ameisahau kwenye mkoba. Hakuwa na barua. Hukuandika, na una haki.

Mama yako amenipigia, anasema mvua ya kwanza imenyesha na mmeanza kupanda mahindi. Alisema unaamka, unachota, unakwenda shule, na huongei sana. Paka amezaa chini ya kitanda changu, watatu.

Nimeketi na barua yenu ile ya mkono. Ninayo bado, na hapa naituma irudi kwenu, ndiyo mali yenu. Nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu kichwani kama kawaida yangu na sikuona pa kusahihisha. Hata mwezi wa tisa sikuona. Nilijiambia lugha yenu haina sura ya kiofisi. Huo ni uongo, na nimekaa nao mwezi mzima.

Niliwatoa ng'ombe kwenye barua kwa sababu kumi na wanne kati yao ni wangu.

Haya, nimeandika. Unajua kila mfanyakazi wa hapa mjini ana ng'ombe kijijini kwa ndugu yake, na hakuna anayeuliza wanakunywa saa ngapi. Tunauliza tu wamezaa wangapi. Niliposoma "ng'ombe wanakunywa kabla yetu", nilimwona yule mweupe wangu amesimama kwenye maji, na wewe unamsubiri amalize, halafu jioni unamkamua. Niliona aibu. Badala ya kukuambia naona aibu, nikachukua mashine na kuchapa "makundi mbalimbali ya watumiaji". Nikamalizia kwa kuweka jina langu, mahali ambapo kulikuwa na majina kumi na sita. Nilitaka kuwasaidia, hilo ni kweli. Nilitaka pia wilaya ione Klementina bado anaweza, na hilo nalo ni kweli.

Kuhusu baba yako: uliniambia karatasi imekwisha, na nusu ya ukurasa ilikuwa wazi. Niliiona. Ningekuuliza tena, lakini nilikuwa na haraka ya kuwa shujaa. Ningejua ni Mayunga, nisingepitia wilayani. Yeye ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nimemuumiza mbele ya watu.

Sikuombi unijibu. Wasomee wenzako barua hii kama unataka, wajue ni kosa langu na si lako.

Shangazi yako,
Klementina


Mwanyenze
25 Novemba 2023

Mpendwa Sengi,

Mwadila. Mvua imezidi mwaka huu, njia ya shuleni imekuwa mto, na Malimi anavusha watoto wa msingi mgongoni. Mahindi yamesimama. Mama anauliza kama paka wote watatu ni wazima. Na mimi nauliza.

Niliwasomea. Kwandu akasema hajawahi kumsikia mtu mzima akisema "nilikosea" bila kuongeza "lakini". Tukaipekua barua yako yote kutafuta hiyo "lakini". Ipo moja tu, na umejisema mwenyewe. Umesamehewa kwa kura kumi na sita.

Na mimi nina langu. Nilikuficha habari za baba kwa makusudi. Niliogopa ukijua utaniambia niache, kwa sababu ni mdogo wako. Na nilijua kuhusu ng'ombe wako. Nilitaka uyaone mwenyewe maana mimi sikuweza kuyasema. Nilikuandikia kwamba mweupe amezaa, halafu mstari wa chini nikakulalamikia ng'ombe wa watu, kama vile wako wanakunywa sehemu nyingine. Nilikuchezea akili. Nisamehe.

Sasa mkutano unakuja, tarehe 14 Desemba. Tunataka kurudi na barua yetu. Shida ni mvua. Madimbwi yamejaa, ng'ombe wanakunywa popote, na kila mtu mzima tunayemwambia anasema tatizo limekwisha. Kila mwaka linakwisha mvua ikinyesha. Kwandu bado ana hizo siku zake, zimefika arobaini na mbili, na mwalimu mkuu amesema atamwacha apande kidato cha nne kwa sharti moja, mwakani asikose hata wiki. Mwezi wa sita tenki litakuwa lile lile. Tusipopata mwezi huu, Kwandu hamalizi.

Baba ameanza kuniongelesha kidogo. Jana alisema "funga zizi". Sitaki kumpoteza tena, Sengi, nasema kweli. Njoo. Ukiwa umekaa pale mbele watatusikiliza, na baba atakuwa na wewe pembeni.

Milembe wako


Bariadi
2 Desemba 2023

Ng'wanone,

Paka wote wazima, wamehamia kwenye kabati la nguo. Nimewapa majina, usimwambie mtu. Mimi nilishikwa na mafua, nimepona.

Siji. Nimeandika neno hilo nikalifuta mara mbili, kwa sababu natamani kuja kuliko unavyojua. Nikikaa pale mbele, utakuwa tena mtoto wa Klementina na barua itakuwa yangu. Nitakaa hapa Bariadi, nitapika, nitaunguza chakula, na nitasubiri Mwalimu arudi mwezi wa kwanza. Huo ndio msaada wangu mkubwa, na haki ya Mungu ni mgumu kuliko kuchapa.

Madogo ninayoyajua nakupa. Andikeni nakala mbili. Mtendaji agonge muhuri na tarehe kwenye nakala yenu, mbaki nayo, ili asiyewapenda asiseme haikufika. Ombeni kwa maandishi ruhusa ya kuongea, maana mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwaruhusu. Na barua isianzie kwa Mtendaji. Ianzie kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mkononi mwake. Mimi nilipita juu ya kichwa chake, wewe usipite. Mpe mchana, akiwa hana haraka, umwambie wewe ndiye uliyeandika. Najua ninachokuomba.

Mengine nakuuliza tu. Kati yenu kumi na sita, wangapi wametimiza miaka kumi na minane? Maana kwenye mkutano mkuu anayenyoosha mkono ni mtu mzima. Na hapo kijijini, nani ana mkono wa kunyoosha na ana kichwa cha kubebea ndoo? Mmewahi kumwuliza? Sikujibii. Nimejifunza.

Kuhusu ng'ombe wangu, waambie watu, au nitamwambia mwenyewe mchungaji wao: wangu wasubiri. Wakikonda, nimekonda mimi. Nimemwandikia Mayunga barua yake. Niliyomwambia ni ya mtu na mdogo wake, usiyatafute.

Nakupenda, na naogopa pamoja na wewe.

Klementina


Mwanyenze
7 Januari 2024

Mpendwa Sengi,

Heri ya mwaka mpya. Mwalimu Precious amerudi jana na kesho kutwa anakuja Bariadi kufuata mizigo yake, ndiyo maana barua imechelewa hivi. Najua umesikia matokeo kwa mama kwenye simu. Mama anasema hakukueleza vizuri kwa sababu baba alikuwa amekaa pale pale. Kwa hiyo acha nikueleze.

Nilimpa baba barua siku ya Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa zizini anamtazama ng'ombe anayechechemea. Nilisema, "Baba, hii ni barua yetu kwa kamati ya maji. Mimi ndiye niliyeandika." Aliisoma amesimama. Ni barua fupi, na aliisoma muda mrefu sana. Nilihesabu nguzo za zizi ili nisikimbie. Halafu akasema, "Mmeandika ng'ombe wakimaliza shule imeanza. Semeni saa. Wanamaliza saa tatu kasoro. Kama mnataka kunisema, nisemeni vizuri." Akanirudishia. Nikaandika saa tatu kasoro pale pale, juu ya goti. Alipokuwa anaondoka akasema, "Shangazi yako anasema wake wasubiri. Ni rahisi kwake, haamki kuwachunga." Alisema hivyo akiwa karibu kucheka, Sengi. Nilimwona.

Swali lako nililiuliza kwa mama. Sijui kwa nini sikuwahi. Tumemwuliza Mtendaji, tumemwuliza mwalimu, tumekuandikia wewe Bariadi, na mwanamke anayekaa na ndoo pembeni yangu kila asubuhi hatukumwuliza. Mama akasema, "Mimi sijawahi kunyoosha mkono mahali baba yako amekaa." Basi. Akaendelea kuchambua mchele. Kwandu alimwuliza mama yake, na wengine mama zao na dada zao. Wengi walisema kama mama.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha, tukaingia darasani shule ya msingi, watu wakabanana hadi mlangoni. Mwenyekiti wa kijiji aliniruhusu dakika tano. Nilisoma yote, na ng'ombe wote wamo. Mzee Mayige akasimama akasema, "Binti, maji yamejaa mpaka kwenye viatu vyangu, na wewe unaleta habari za kiu." Watu wakacheka, hata mimi ilinichekesha. Nikamwambia, "Babu, mwezi wa tisa tulileta kiu yetu, mkasema imepokelewa na itafanyiwa kazi. Sasa maji yapo. Tufikiri sasa." Akakaa. Alisema "mh", lakini akakaa.

Mchungaji mmoja akauliza swali la kweli: ng'ombe wakianza kunywa saa moja, watafika malishoni jua kali, watakonda. Malimi akajibu. Alisema yeye anachunga kwao tangu akiwa na miaka saba, na ng'ombe hawatembei haraka tumbo likiwa na maji. Wakiondoka alfajiri bila kunywa watafika mapema, na wakirudi mchana tenki litakuwa limejaa tena. Baba yake akasema, "Huyu ni mchungaji, msikilizeni." Hilo hata kwenye barua yetu halikuwepo. Ilibidi mwenyekiti aliandike.

Halafu ikaja kura. Sisi tukatolewa nje kwa sababu ya umri, tukasimama kwenye mvua, wote kumi na sita madirishani. Mtendaji alitaka wahesabu watu wawili, yeye na mwenyekiti wa kamati ya maji, asije mtu akalalamika. Walianza na wanaopinga. Walikuwa hamsini na wanane. Nilimwona Kwandu anafumba macho.

Mtendaji akasema wanaokubali wanyooshe. Hakunyoosha mtu. Baba alikuwa amesimama mbele, kidole kimeelekea kwa watu, anasubiri kuhesabu. Na mama akanyoosha mkono. Alikuwa amekaa mstari wa pili, mbele yake kabisa, na hakuangalia chini. Baba alimtazama. Nilidhani ataondoka, au atasema kitu. Akamwelekezea kidole akasema, "Moja."

Alisema kwa sauti, darasa zima likasikia. Na alipolisema tu, mama yake Kwandu akanyoosha, kisha wanawake wa ukutani, kisha baba yake Malimi, kisha mikono ikawa mingi na baba akawa anatembea katikati ya madawati anahesabu.

Walipomaliza Mtendaji akasema yeye amepata sitini na watatu. Baba akasema amepata sitini na wanne. Mtendaji akamwambia, "Mwenyekiti, kuna mtu umemhesabu mara mbili." Baba akasema hapana. Akasema mkono wake ulikuwa na kazi ya kuhesabu, ndiyo maana hakuunyoosha, lakini na yeye yumo.

Nililia pale dirishani mbele ya kijiji kizima, na sikuona aibu.

Binti yako,
Milembe